Jinsi ya kuchunguza uchumi wa mwaloni: fuata gunia, fuata deni

Ukisimama Kirumba Mwaloni, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, asubuhi utaona magunia ya dagaa, mizani, makuli wanaokimbia na mzigo kichwani, na malori yanayopakia kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Usichokiona ni kwamba baadhi ya magunia yale yalikuwa na mwenyewe kabla dagaa hawajatoka majini. Kuna aliyetanguliza hela ya petroli, kuna aliyetoa nyavu, kuna aliyechukua mzigo kwa mali kauli na atalipa akishauza. Anayeandika bei ya siku peke yake ameandika mwisho wa mambo, mwanzo umempita.

Sosholojia ya uchumi inaanzia hapo. Kwa nini mama huyu anampa mzigo mnunuzi wa bei ndogo, wakati mwenye bei kubwa amesimama hatua mbili tu pembeni yake? Bei haijibu swali hilo. Linajibiwa na uhusiano wa watu hao wawili, na pwani ya ziwa uhusiano wa biashara mara nyingi huonekana kwa sura ya deni. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya utafiti kifani, yaani wa kuchunguza kitu kimoja kwa kina, wa mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapofikia, na unamfaa mwanafunzi, afisa maendeleo ya jamii au yeyote anayetaka kuelewa watu wanaishije kwa ziwa. Mifano ni ya dagaa kwa sababu mzigo wake unapita mikono mingi, mtaji wa kuanzia si mkubwa kama wa sangara, na wanawake wamo kwa wingi.

Hatua ya 1: Punguza swali mpaka liingie kwenye mwalo mmoja

"Mchango wa uvuvi katika maendeleo ya Mkoa wa Mwanza" ni swali pana mno. Halina mahali pa kuanzia wala pa kuishia. Swali linalofaa lina mtu, lina tendo, na lina hali. Kwa mfano: mvua inapolowesha dagaa walioanikwa, nani anabeba hasara, na kwa nini ni yeye? Au: mkaushaji asiye na mtaji anaupataje mzigo wake wa kwanza? Swali la namna hii unaweza kulijibu kwa macho, masikio na daftari.

Kisha taja kifani chako kwa sentensi moja. Ni mwalo mzima? Ni kambi moja? Ni mtumbwi mmoja na watu wote wanaokula kwa mtumbwi huo? Ukishindwa kukitaja kwa sentensi moja, hujaamua bado, na ukifika uwandani utamhoji kila anayepita. Kwa mtafiti mmoja mwenye miezi miwili, mitumbwi 3 hadi 5 pamoja na wakaushaji, wachuuzi na wenye mali wanaoizunguka inatosha kabisa.

Fahamu tangu mwanzo kifani kinatoa nini. Hakitoi asilimia. Kinaonyesha jinsi jambo linavyofanyika na sababu zake. Ukimaliza kazi kwenye mwalo wa Igombe utaweza kueleza deni linavyofanya kazi Igombe. Hutaweza kusema ni wafanyabiashara wangapi wa ziwa zima wana madeni. Ripoti nyingi zinaharibikia hapa: mtafiti kahoji watu 25, kisha anaandika "asilimia 64 ya wanawake wa ziwani".

Mwalo wa bara kama Igombe au Kayenze, wilayani Ilemela, unafikika kwa urahisi kutoka mjini. Visiwa vya Ukerewe na Buchosa vinaonyesha jambo jingine: umbali. Kisiwani anayemiliki chombo cha kusafirisha mzigo ana nguvu ambayo bara haipo. Ukipata muda, fanya bara kwanza halafu kisiwa kimoja cha kulinganisha.

Soma nadharia kidogo kabla ya kwenda, lakini usibebe nyingi. Mbili zinatosha. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1973 kwamba watu hupata habari za kazi zaidi kupitia wale wanaofahamiana nao kidogo kuliko kupitia marafiki wa karibu. Mwaka 1985 akaeleza kwamba shughuli za uchumi zimezama ndani ya mahusiano ya watu na haziwezi kuchambuliwa kama vile watu hawajuani. Keith Hart, kwa utafiti wake Accra nchini Ghana, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikuwa na shughuli nyingi za kujipatia kipato, na kutokana na kazi hiyo dhana ya sekta isiyo rasmi ikaenea. Dhana ni kama taa ya dagaa: inawaleta wale wa karibu na mwanga, wengine wanabaki gizani. Kwa hiyo kila wiki jiulize ni nini kipo mwaloni ambacho dhana yako haikigusi.

Hatua ya 2: Panga ratiba kwa mwezi wa angani

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola zimeenea. Mbalamwezi ikiwa kubwa mwanga wa taa hauwavuti vizuri, na wavuvi hupumzika siku 7 hadi 10 hivi. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu. Kwa hiyo muda wako upime kwa mizunguko: miwili kamili ndiyo ya chini kabisa, yaani siku 59, na mitatu ni bora.

Kosa la kawaida ni kuondoka mbalamwezi ikianza kwa kuwa "hakuna kazi". Siku za giza utaona mzigo. Siku za mbalamwezi utaona hesabu: nyavu zinashonwa, kambi nyingi zinafanya mgao, wanaodaiwa wanatafutwa, wengine wanasafiri nyumbani na wengine wanakosa nauli ya kusafiri. Watu wana nafasi ya kukaa na kuongea. Mtafiti anayeondoka siku hizo anakosa nusu ya kazi, tena ile nusu muhimu.

Hakikisha angalau mzunguko mmoja unagusa mvua, ama vuli ya Oktoba hadi Desemba au masika ya Machi hadi Mei. Jua kali likiwepo, dagaa walioanikwa asubuhi huweza kuanuliwa siku hiyo hiyo. Mvua ikinyesha wanabadilika rangi, wananuka, na waliokuwa chakula cha watu wanauzwa kuwa chakula cha kuku kwa bei ya chini. Hapo ndipo mikataba ya mdomo inapopimwa.

Kwa siku ya kawaida ya giza, fika saa 11 alfajiri. Ukifika saa 3 utakuta dagaa wameshatandazwa na maamuzi yote yameshafanyika.

Hatua ya 3: Vibali, na namna ya kuingia

Mwanafunzi anapata barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anayemwandikia barua ya kwenda wilayani au halmashauri, kisha kata, kisha mtendaji wa kijiji au mtaa, na mwisho uongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo huo. Mtafiti asiye raia anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Toa nakala sita za kila barua na utenge wiki mbili hadi tatu kwa ajili ya safari hizi. Hazina njia ya mkato.

Namna unavyofika ina uzito kuliko barua. Ukitambulishwa na afisa uvuvi aliyekuleta kwa gari la serikali, watu watakuhesabu kuwa ni wa operesheni ya nyavu haramu, na kuanzia hapo kila jibu litakuwa la kujikinga. Onana na afisa ofisini kwake, kisha nenda mwaloni kwa daladala au bodaboda siku nyingine. Wiki ya kwanza usiulize habari za nyavu haramu kama makokoro na timba hata kama unaziona mbele yako.

Eleza mambo matatu bila kuzunguka: hukusanyi kodi, hukagui zana, na huna mradi wa kugawa hela. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Watu wa mialo wamezoea kuandikwa majina kwa ajili ya mikopo na semina. Mtu akidhani jina lake linaandikwa kwa ajili ya mkopo, shida zake zitakua na mali yake itapungua wakati anakujibu. Anajaribu kuipatia familia yake nafasi. Hana nia mbaya, ila data yako imeshapinda.

Salimia kila mtu kwa namna yake. Wazee na akina mama watu wazima wape shikamoo; asubuhi "mwangaluka" kwa Msukuma inafungua mazungumzo haraka. Mtumbwi unapofika, nyamaza na usimame kando. Zile dakika kumi za kushusha mzigo ndizo za kuamua nani anapata ndoo ngapi, na mtu akikujibu wakati huo anapoteza nafasi yake.

Hatua ya 4: Pima vipimo kabla ya kuuliza bei

Mwaloni watu wanauziana kwa ndoo, sado, debe na gunia. Ndoo imeandikwa lita 20, lakini kuna ndoo iliyokatwa sawa na ukingo, kuna yenye kilemba juu, na kuna iliyokandamizwa kwa mkono. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku, ila usiandike kwamba haipo mpaka uwe umepima.

Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza ya kilo 50. Omba ruhusa, pima ndoo 10 mbichi kutoka kwa wauzaji tofauti, andika uzito wa kila moja na nani kaijaza: muuzaji au mnunuzi. Mzigo ule ule ukikauka, upime tena. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, kwa hiyo ukilinganisha bei ya ndoo mbichi na bei ya ndoo kavu bila kupima utaona faida ambayo haipo. Angalia pia ameanikwa wapi. Dagaa wa mchangani hubeba mchanga, na mchanga una uzito; wa kichanja ni safi na hutafutwa na mnunuzi anayewapeleka kwa walaji. Tofauti ya bei kati ya aina hizi mbili inakueleza mengi, hasa ukiuliza kwa nini mama anayejua faida ya kichanja bado anaanika chini. Huenda miti na nyavu za kutengenezea ni ghali. Huenda ardhi ya pale si yake na anaweza kuhamishwa wiki ijayo. Huenda mnunuzi wake aliyemkopesha analipa bei moja kwa wote, hivyo jasho la kichanja halimrudii.

Wiki ya kwanza yote iishie hapa, pamoja na ramani. Chora mwalo kwa mkono: mitumbwi inapofika, sehemu ya kuanikia ya kila mtu, vibanda vya chakula, ofisi ya BMU, maghala, vyoo, wakala wa hela za simu. Weka alama za nani anakaa karibu na nani. Utashangaa baadaye jinsi ramani ya makaazi inavyofanana na ramani ya madeni.

Hatua ya 5: Fuata gunia moja

Omba mwenye mzigo akuruhusu kufunga kamba ya rangi kwenye gunia lake, kisha liandamane nawe mpaka linapoishia au mpaka nauli yako inapoishia. Kutoka mwalo wa kisiwa hadi Kirumba litapita kwa mkaushaji, mbebaji hadi kwenye chombo, mwenye chombo, kuli wa kushusha, dalali, mnunuzi wa jumla, wapakiaji wa lori. Kila mkono andika mambo manne: kimelipwa nini, nani kalipa, kwa taslimu, simu au kwa ahadi, na karatasi gani imetolewa. Ushuru una stakabadhi. Ujira wa kuli hauna. Ahadi mara nyingi haina karatasi ila ina shahidi, na shahidi huyo muandike.

Rudia kwa magunia matano, yakiwa ya watu wenye hali tofauti: mwenye mtaji wake, aliyekopa, mgeni wa mwalo, mjane, mwenye ndugu mjini. Ukifuata magunia ya tajiri mmoja tu, utaandika kwamba biashara ni nyoofu.

Hatua ya 6: Andika madeni, pande zote mbili

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ipe muda mrefu kuliko zote.

Usiulize "Una deni kiasi gani?" Swali hilo linaaibisha, na mtu atakujibu hana. Anzia kwenye kitu kinachoonekana: "Mzigo huu umeupataje leo?" Akisema "tunaandikiana", "nimepewa mali kauli" au "huyo ni mtu wangu", umefika mlangoni. Kwa kila uhusiano tafuta majibu ya haya, si lazima kwa mpangilio wala kwa siku moja:

- Nani alitangulia kutoa, na alitoa nini: hela, petroli, nyavu, magunia, chumvi?
- Kinarudi kama nini: hela, dagaa, kazi, au upendeleo?
- Kinarudi tarehe fulani, au tukio fulani likitokea?
- Mzigo ukiharibika, deni linabaki, linapungua, au linasogezwa?
- Mdaiwa anaruhusiwa kuuza kwa mwingine?
- Nani mwingine analijua deni hili?

Sasa piga hesabu. Chukua mfano wa kujifunzia, namba si za mwalo wowote. Mchuuzi wa mjini anampa mama mkaushaji sh. 300,000 giza linapoanza. Riba haitajwi. Sharti ni kwamba mzigo wote auziwe yeye, kila gunia kwa sh. 5,000 chini ya bei ya siku. Giza hilo mama anauza magunia 12. Kwa hiyo amelipa sh. 60,000, sawa na asilimia 20 ya mkopo kwa mzunguko mmoja, na zile 300,000 bado anadaiwa. Kwa mizunguko 12 mwendo ukiwa ni ule ule, ametoa sh. 720,000 kwa mkopo wa 300,000 ambao haujapungua hata shilingi.

Mtafiti mchanga anasimama hapo na kuandika "unyonyaji". Endelea kwanza. Siku dagaa wakijaa na wenzake wanalala na mzigo, mchuuzi yule anachukua magunia yote? Bei ikiporomoka, anashikilia ahadi? Mvua iliponyesha siku tatu, alivumilia bila kudai? Mtoto alipougua alitoa hela ya gari, na kwenye msiba alileta rambirambi? Ikiwa majibu ni ndiyo, zile sh. 60,000 zinalipia mkopo na vilevile soko la uhakika, bima na heshima. Ikiwa ni hapana, basi neno la unyonyaji umelipata kwa ushahidi.

Linganisha na mikopo mingine iliyopo pale pale. Mkopo wa kausha damu unalipwa kwa marejesho ya siku au wiki, na tarehe haijui kama ni giza au mbalamwezi. Mkaushaji akiwa hana mzigo siku kumi, vyombo vya ndani vinaondoka. VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vinakopesha kwa kufuata akiba ya mwanachama, mara nyingi hadi mara 3 yake, kwa hiyo asiye na akiba ana pakuanzia padogo sana. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo mgawo wake ni 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inataka kikundi kilichosajiliwa, na kikundi kinataka watu waliotulia mahali pamoja. Wavuvi na wakaushaji wanahama kufuata samaki. Ukipanga mikopo hii yote kwenye karatasi moja kwa vigezo vya muda, dhamana, na kinachotokea siku mbaya, utaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake anachagua mkopo ulio ghali.

Fanya vivyo hivyo kwa wavuvi. Mgao wa mapato kati ya tajiri mwenye mtumbwi na vijana wake una sura nyingi, kwa hiyo usiandike "nusu kwa nusu" na kuendelea. Uliza: kabla ya kutoa gharama au baada? Injini ina fungu lake? Chakula cha kambi kinakatwa kwa nani? Na swali lililo zito kuliko yote: usiku mtumbwi ukirudi mtupu, petroli ile inalipiwa na nani? Anayelipia petroli ya usiku mtupu ndiye anayebeba hatari ya biashara, hata kama yeye ndiye anayepata fungu dogo.

Kila deni uliza pande zote mbili, kila mmoja peke yake. Namba hazitalingana. Usiharakishe kutafuta nani mwongo. Huenda mdai anahesabu rambirambi kama sehemu ya deni, na mdaiwa anaihesabu kama utu. Tofauti hiyo ni matokeo ya utafiti, iandike. Kamwe usimwambie mmoja alichosema mwenzake, hata kwa kudokeza. Mwalo mzima utajua kabla ya saa 6 mchana, na anayeumia ni mdaiwa.

Daftari la kila siku

Andika siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Saa moja ya mwaloni inataka karibu saa mbili za kuandika. Andika kwa Kiswahili na maneno waliyosema wenyewe. Ukitafsiri papo hapo, "mali kauli" inageuka "mkopo" na maana yake nusu imepotea. Gawa ukurasa: kushoto ulichoona na kusikia, kulia mawazo yako. Tumia alama badala ya majina. Ukurasa mzuri unafanana na huu wa mfano:

"Giza, siku ya 4. Saa 12:20 asubuhi. Mtumbwi M3 umefika na ndoo 14. Wanawake 6 wanasubiri. K2 amepewa ndoo 5 kwanza, hakuna bei iliyotajwa. K5 ameuliza bei, ameambiwa 'subiri mama'. Saa 12:40 K5 amepata ndoo 2, amelipa taslimu palepale. K2 alipoulizwa baadaye: 'Tunaandikiana, daftari liko kwa msimamizi.'"

Na upande wa kulia: "Mwenye taslimu ndiye anayesubiri. Kwa nini?"

Swali hilo moja la pembeni linaweza kubeba sura nzima ya ripoti. Lisingeonekana kwenye hojaji, kwa sababu hakuna ambaye angefikiria kuliuliza.

Hatua ya 7: Mahojiano

Yaje baada ya wiki mbili za kuangalia, si kabla. Watu 25 hadi 30 wanatosha, na kati yao watu 5 uongee nao mara tatu au zaidi. Mhoji kila mtu bila mwenyekiti wa BMU kukaa karibu. Ukirekodi, omba ruhusa kila mara na ukumbuke kwamba saa moja ya sauti itakula saa 4 hadi 6 za kuandika. Mahojiano ya akina mama yafanye wakati wa kuanua au kuchambua dagaa, mikono ikiwa kazini. Kaa chini uchambue nao. Kwa wavuvi subiri waamke, saa 8 mchana hivi.

Kuna mambo hayaulizwi moja kwa moja. Uhusiano wa kimapenzi unaoambatana na kupata samaki umeandikwa sana pwani za ziwa hili, na upande wa Kenya una jina, jaboya. Kumuuliza kila mwanamke habari hiyo ni kumtukana. Wengi wanapata mzigo kwa deni, kwa undugu au kwa mtaji wao. Jambo likitajwa na mhusika mwenyewe, sikiliza na ulifiche vizuri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe pia. Usipige picha ujumbe wa M-Pesa wa mtu, kwa sababu una jina na namba ya mtu wa pili ambaye hakukupa ruhusa. Na kwenye mwalo mdogo kuficha jina hakutoshi: "mwenye mitumbwi minne na injini mbili" anajulikana na kila mtu. Badilisha idadi, au umuweke ndani ya kundi.

Kwa usalama wako: usiende ziwani usiku bila jaketi la kuokolea, na usiingie majini ufukweni kwa miguu mitupu kwa kuwa kichocho kipo.

Hatua ya 8: Uchambuzi

Kwa kila dai unalotaka kuandika, tafuta nguzo tatu: nililiona, niliambiwa, na kuna maandishi, iwe daftari la kambi, stakabadhi au kumbukumbu za BMU. Likiwa na nguzo moja, liandike kama dokezo.

Kisha mtafute asiyelingana na maelezo yako. Tuseme umehitimisha kwamba deni linawafunga wakaushaji. Yupo mama asiye na deni lolote, ana nini? Labda mume wake ana mshahara. Labda ana wanunuzi watatu anaowagawia mzigo ili asishikwe na mmoja. Au labda ni mgeni ambaye hakuna anayemwamini, na ndiyo maana kila siku analipa taslimu na kila siku anasubiri mwisho, kama K5. Hapo hitimisho lako linageuka: mwaloni kutokuwa na deni kunaweza kuwa dalili ya unyonge, na kukopesheka ni mali.

Watafute pia waliotoka. Waliobaki mwaloni ni wale ambao biashara haijawashinda. Mama ambaye mtaji umekata utamkuta mtaani anauza maandazi au mihogo, na yeye ndiye atakayekueleza mkopo gani ulimmaliza na kwa mpangilio upi. Watu watatu au wanne wa namna hii wanasahihisha mengi uliyoambiwa na waliofanikiwa.

Njia hii hii inafaa kwa vifani vingine vya Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025: wauzaji wa vyakula waliotegemea foleni ya kivuko walihamia wapi, na madeni yao yalihama nao? Sangara nao wana mnyororo wao, kuanzia wavuvi wa nyavu na ndoano hadi viwanda vya minofu, mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), kayabo (samaki wa chumvi waliokaushwa) na mapanki (mifupa inayobaki baada ya minofu), na historia ya Umoja wa Ulaya kuzuia samaki wa ziwa hili mwaka 1997 na tena 1999 ni nafasi ya kuuliza wazee wa mialo nani alisamehewa deni wakati ule na nani hakusamehewa.

Hatua ya 9: Rudisha matokeo mwaloni

Rudi wakati wa mbalamwezi, saa 9 au 10 alasiri, watu wakiwa wamekaa. Peleka kurasa mbili za Kiswahili, usipeleke tasnifu. Soma kwa sauti, bila kisa cha mtu mmoja mmoja kinachotambulika. Fanya vikao viwili, cha wakaushaji na cha wenye mitumbwi, kwa sababu wakikaa pamoja wadaiwa hawatasema kitu mbele ya wadai wao. Waulize ni wapi umekosea. Watakubishia vipimo kwanza, kisha bei, kisha namna ulivyoeleza mgao. Andika kila pingamizi na aliyelitoa ni wa upande gani. Yale ya vipimo na bei yahakiki na urekebishe. Yale ya mgao, ambapo tajiri anasema hivi na vijana wake wanasema vile, yaweke yote mawili kwenye ripoti, kila moja na sababu yake.